Miezi ya Mgomba Kwenye Kitambaa cha Madhabahu

Waliokuwepo kwenye ibada ya mavuno wameshacheka vya kutosha, kwa hiyo bora aibu hii niiandike mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi, ingawa shule niliishia la saba na sijui kama nitaipanga vizuri.

Ilianza kwa kitu kizuri. Marehemu baba yangu, kule Kilema, alitufundisha kupiga mihuri ya mgomba: unakata kikonyo cha jani, pale ulipokata unaona mwezi mchanga wenye vidirisha vingi ndani, unachovya kwenye majivu yaliyokorogwa na maji, unagonga ukutani mwa jiko. Ukuta wetu ulijaa miezi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mgomba uliokatwa namwona baba amechuchumaa, anamgawia kila mtoto sehemu yake ya ukuta ili tusigombane.

Sasa Jumamosi ile binti yangu Upendo (hajatimiza hata miaka mitatu) alikuwa ananing'ang'ania miguuni, nami nikakumbuka mihuri. Hapa Shirimatunda tuna migomba michache nyuma ya nyumba, nikakata kikonyo, nikachemsha bitiruti nikapata rangi nyekundu ya kupendeza, nikamtandikia mfuko wa unga wa karatasi, akaanza kugonga huku anacheka, "Mwezi! Mwezi ingine!"

Karibu naye, kwenye kamba, nilikuwa nimeanika kitambaa cha madhabahu. Mama mkwe alikidarizi kwa mkono wake mwaka aliofiwa na mumewe, na hakuwahi kumwachia mtu akifue. Mwaka huu mgongo ukamkataza, akaniambia, "Mkamwana, safari hii fua wewe." Mimi niliyeolewa kwa Walutheri nikitokea kwa Wakatoliki, nikajua huo ndio mtihani wangu. Niliona kimeshakauka, nikasema nitakianua baadaye kidogo, acha mtoto afurahi. Hiyo "baadaye kidogo" ndiyo iliyoniponza.

Maziwa yakafurika jikoni, nikakimbia. Niliporudi, kitambaa kilikuwa na miezi myekundu hadi pale mkono wa mtoto unapofika. Simlaumu. Mfuko ulikuwa umejaa, na mwenzenu alikuwa anatafuta nafasi.

Nikakitumbukiza kwenye maji baridi, wekundu wote ukatoka, nikamshukuru Mungu, nikakipiga pasi kikiwa na unyevu, nikakikunja na kukipeleka kanisani jioni ile ile. Jamani! Kila mtoto wa migombani anajua kwamba utomvu wa mgomba ukiwa mbichi ni kama maji tu, ukikaa unageuka kahawia na hautoki hadi nguo ichakae. Mama alikuwa anatuvua sare za shule kabla hatujakanyaga mgombani! Lakini mimi niliangalia rangi, utomvu nikausahau.

Jumapili, mama mkwe yuko benchi la mbele na kitenge kipya, mzee wa kanisa akakitandaza kile kitambaa, na mbele ya usharika wote ikaning'inia miezi ya kahawia, safu kwa safu. Kwaya inaimba, lakini macho yote yako pale. Hata kuku wa sadaka waligeuza shingo (au labda hapo naongeza). Ndipo Upendo akasimama mapajani mwangu akanyoosha kidole: "Mama! Mwezi yangu ile!"

Wimbo wa kwaya ulikatikia njiani kwa kicheko. Mwanamke wa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mama Upendo, ulifulia mgombani?" Ningemkasirikia, ila kwa haki swali lake lilikuwa sahihi. Mama mkwe hakugeuka.

Mchana nikaenda kwake na jani la isale, ambalo kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea hana budi kukusikiliza. Nilimkuta na kitambaa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalipokea jani, akaligeuza huku na huku. "Na hili halina utomvu?"

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

"Nani alikufundisha hiyo mihuri?"

"Baba yangu, mama."

"Hm. Huyo mume wako naye utotoni alinimalizia ukuta wa jiko kwa miezi hiyo hiyo, baba yake ndiye aliyemkatia vikonyo. Nikaupaka chokaa, nikidhani nasafisha." Akapitisha kidole kwenye mwezi mmoja. "Mzee wangu alipofariki, niliikwangua ile chokaa. Sikuona kitu. Hiki usikitie jiki."

Kitambaa kiko mezani kwake sasa, chai inanywewa juu ya ile miezi. Cha kanisa alinipa kipya, cheupe, pamoja na sindano: "Udarizi wewe, nikiwa nakuona." Nashona kombo, ananifumulia, naanza tena.

Ukuta wa baba tuliubomoa wenyewe tulipojenga jiko la tofali. Sijui kama alihuzunika, hatukumuuliza.

Basi naapa: kwangu kikonyo hakikatwi tena mpaka kamba iwe tupu na mtoto avae nguo ya shamba. Lakini kukata, nitakata.