Mhitimu wa Mtongwe Aliyepita Miguu Peku

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mueni Kyalo anasimama kwenye kona ya uchochoro wao huko Mtongwe, Likoni, mjini Mombasa, anavua viatu na kuvishika mkononi. Mbele yake, barazani, jirani yake mzee, Bi Mwanatabu, ameinamia karai la mahamri ya kuuza. Mueni anabana pumzi, ananyata mpaka kona ya pili, anavaa viatu na kukaza mwendo kuelekea kazini.

Hakumwamkia. Mtaani kwao, kumpita mkubwa wako bila shikamoo ni utovu wa adabu usio na maelezo. Mueni ni mzaliwa wa Kitui, lakini miaka kumi na tano Likoni inatosha kabisa kumfunza mtu hilo.

"Nilijiambia haoni vizuri, hatajua ni mimi," anasema. "Halafu nafika kazini nimenuna siku nzima, na wa kumnunia simjui."

Hayo yalikuwa mwezi wa Mei, na sababu yake ilikuwa shahada.

Mueni, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni karani wa mapokezi katika zahanati moja ya binafsi. Hatulii kitini. Anaandikisha wagonjwa akiwa wima, anachungulia simu kama kuna barua pepe, anapanga upya mafaili aliyoyapanga jana. Kwa miaka minne alisomea usimamizi wa huduma za afya kwa njia ya mtandao, masomo yote kwenye simu, akitoka zamu na kukaa jikoni ili asiwaamshe wanawe.

Karo ilikuwa shilingi laki tatu na ushee. Nusu ilitoka kwenye mshahara wake. Nusu ya pili ilitoka kwenye upatu wa wanawake wa mtaa: watu kumi na wawili, kila mmoja elfu tano kwa mwezi, na mwenye zamu anabeba elfu sitini. Zamu zake mbili za mwisho zilikwenda chuoni. Chuo kilipozuia cheti mpaka salio limalizwe, Bi Mwanatabu alimwachia zamu yake.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Utanirudishia ukishapata kazi ya maana."

Siku ya mahafali wanawake walibanana chumbani kwa Mueni kuyatazama kwenye simu. Jina lake lilipotajwa vigelegele vilipasua bati. Bi Mwanatabu akamvisha leso mpya, akatangaza kwamba mtaa umepata daktari. Mueni alieleza mara moja, akaeleza mara mbili, kwamba amesomea kuendesha hospitali, si kutibu. Nani alimsikiliza? Kesho yake aligongewa mlango na mama aliyebeba mtoto mwenye homa.

Kazi ya maana haikuja. Kabla ya shahada alilipwa elfu kumi na tisa. Baada ya shahada, ishirini na mbili. Aliomba kazi Changamwe, Kisauni, hadi Kilifi. Wengine walitaka uzoefu wa miaka mitano. Kituo kimoja kilimtaka aanze kesho yake, miezi mitatu bila malipo.

"Niliwauliza, hiyo miezi mitatu watoto wangu watakula cheti?"

Na kila alfajiri Bi Mwanatabu alikuwa pale barazani, njia ikiwa ni ile ile moja. Ndipo viatu vilipoanza kuvuliwa.

Ilikwenda hivyo mpaka asubuhi moja ya Juni. Mueni aliinua kichwa pale mapokezi, akamwona Bi Mwanatabu ameshikwa mkono na jirani, mkono wa pili umefungwa kitambaa kilicholowa. Alikuwa amemimina mafuta ya moto juu ya kiganja chake badala ya karai.

Mueni alizunguka meza ya mapokezi kumwendea.

"Marahaba," akasema Bi Mwanatabu, kabla hajaamkiwa. "Naitikia zile zako zote za nyuma. Kwani weye wadhani sikujui? Mwizi hupita usiku. Apitaye kwangu alfajiri, viatu mkononi, ni mwenye deni langu tu."

Mueni alilia pale pale, foleni nzima ikitazama. Wakati mkono unasafishwa ndipo alipoambiwa habari yote: bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilimtajia zaidi ya elfu sitini za upasuaji, naye alikuwa akiingojea zamu aliyoitoa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi, na weye hupita mbio?"

Mueni alikuwa na elfu ishirini na moja tu. Lakini alimuuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: una bima? Kumbe anayo, analipiwa na mwanawe Bakari, mfanyakazi wa bandarini. Bibi aliamini bima ni ya watu wanaolazwa tu.

Mueni anazijua njia hizo, ndizo alizosomea. Kwa wiki mbili alitumia kila saa ya mapumziko kufuatilia barua ya rufaa, kibali na sahihi ya daktari wa macho. Bima ilipolipa sehemu yake, hesabu iliyobaki ilikuwa elfu kumi na saba. Aliilipa mwenyewe, na deni likashuka hadi arubaini na tatu.

Jicho la kwanza limepona. Siku hizi Mueni anapita barazani na viatu miguuni.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu."

"Marahaba, daktari." Bibi humkagua juu mpaka chini. "Kumbe umekonda hivi! Na pesa zangu sijazisamehe, wallahi. Sasa nakuona tangu kule konani."

Mueni hucheka, lakini hasimami sana. Jumamosi ameanza kuweka meza na viti viwili nje ya duka la jirani, anawasaidia watu kufuatilia bima na rufaa kwa shilingi mia mbili. Akishalipa deni lote, anataka kukodi chumba chenye mlango. Maombi ya kazi bado anatuma, na simu bado anaichungulia hata tukiwa tunazungumza.

Nilimuuliza anachokitamani zaidi. Nilidhani atataja mshahara.

"Asubuhi moja tu," akasema, tayari ameinuka. "Nimwamkie bibi, anivutie kigoda, nikae ninywe chai yangu mpaka iishe."