Lumbesa Mbele ya Mama Mkwe

Aibu hii bora niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Makambako, maana wao wakiisimulia wanatia chumvi, wanasema nililia. Sikulia. Machozi yalitoka, ndiyo, lakini hayo ni mambo ya mgongo.

Mimi ni afisa wa usalama na afya ya wafanyakazi kwenye ghala moja la viazi, na kazi yangu naijua, msinitanie. Nilikuwa nimesoma tafiti za watu wanaoharibika migongo na magoti kazini, na zote nilizosoma zilielekea kulekule: kumfundisha mtu namna ya kunyanyua, peke yake, hakusaidii sana, punguza mzigo, leta toroli. Sisi sasa tunabeba lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka likijaa linaongezewa kilemba cha viazi juu na kufungiwa wavu, halafu anayelibeba ni mtu mmoja. Tayari wabebaji wetu wawili walikuwa wamerudi kwao Kichiwa hawawezi hata kuinama kufunga viatu, na hilo liliniuma. Nikamwendea bosi: magunia yawe nusu, tununue toroli.

Bosi akapiga miayo. "Kwanza wafundishe kunyanyua vizuri, hiyo ni bure. Nikiona haisaidii, tutaongea."

Ningebisha, na hoja nilikuwa nazo, lakini nikajiona fundi, nikasema sawa.

Asubuhi wakakusanyika (upepo wa Makambako mnaujua), wabebaji huku, akina mama wanaochambua viazi kule, na kati yao mama mkwe wangu. Ndiyo, mama mzazi wa mke wangu anafanya kazi hapo, na heshima yetu ni ileile ya nyumbani: tunasalimiana kwa mbali, hatushikani hata mikono. Wakaniletea kigunia kidogo cha kuonyeshea. Nikamwona mama mkwe anakitazama kile kigunia, nikasikia vibaya, nikasema, "Ondoeni hicho. Leteni lumbesa."

Nikachuchumaa mgongo wima kabisa, nikalikumbatia gunia, mdomo bado unafundisha, "Mnaona, nguvu inatoka mapajani," nikanyanyua, na likanyanyuka kweli (hapo hakuna wa kunibishia), halafu kiunoni kikalia kitu kaa!, nikakaa chini puu, lumbesa likanikalia mapajani, wavu ukafumuka, viazi vikabingirika mpaka kwenye viatu vya bosi. Nikitaka kusimama, mgongo umekataa. Nikitaka kulala, umekataa. Aliyekuwa karibu yangu kuliko wote ni mama mkwe: akanyoosha mikono, akakumbuka, akairudisha, akajifunika uso kwa khanga na kupiga kelele, "Jamani, mshikeni mkwe wangu, mimi siwezi kumgusa!"

Ghala zima likaangua kicheko. Bosi alicheka mpaka akashika nguzo.

Wakaja wabebaji wanne, wawili mabegani, wawili miguuni, wakaninyanyua. Ndipo mama mkwe, bado kajifunika na kaugeukia ukuta, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Bosi, mkwe wangu huyu, mwembamba hivi, wamembeba wanne. Lile gunia ni zito kuliko yeye, na kila siku analibeba mmoja."

Kicheko kikakatika. Bosi akalitazama gunia, akanitazama mimi ninayening'inia mikononi mwa watu.

Nikalala nyumbani nikikandwa kwa maji ya moto, nikijua nimeshaharibu kila kitu. Kumbe niliporudi kazini nilikuta toroli mpya zimejipanga mlangoni na magunia yamekuwa nusu, na bosi anawaeleza wageni kwamba hayo ni mawazo yake. Sikumbishia. Wabebaji wanasukuma toroli huku wanapiga hadithi, kwangu inatosha.

Utafiti nitaendelea kuutekeleza, na ghala linalofuata nitalishinda pia. Ila kunyanyua kitu mbele ya ukweni, hata iwe ndoo ya maji, nimekoma. Mke wangu akinituma wakwe wakiwa wamekuja kutusalimia, natoka nje namwita jirani.