Chungwa la Bibi Lisilo na Mbegu

Mwezi uliopita nilitoka Karatu kwenda Digodigo, kijijini kwa bibi, kutafuta kijiti kimoja kibichi. Barabara ile, ndugu yangu, si ya magoti yangu ya sasa. Nilitaka kuubebesha mchungwa wa marehemu bibi yangu kwenye shina jingine hapa nyumbani, kabla Bwana hajaniita.

Mchungwa wenyewe ulianza na kosa. Bibi alihifadhi mbegu za kila kitu, maboga, mtama na maharage, katika kibuyu juu ya meko. Siku moja, nikiwa mtoto, mwalimu wa dini alirudi safarini akatuletea chungwa moja. Bibi alikuwa anakwenda mferejini, zamu yake ya maji, akaniambia nile, nimwekee mbegu. Nililimenya kwa meno, ganda likaniwasha midomo. Sijala kitu kitamu vile tena. Mbegu sikuona hata moja.

Jioni aliporudi nilimweleza. Akasema Mungu hakuumba tunda la namna hiyo. Akanipigisha magoti mpaka nikakiri kwamba nimezimeza. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na niliusema kwa kukiri.

Jumapili nilimlilia mwalimu. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akamfuata bibi.

“Bibi, mtoto alisema kweli. Aina hii haina mbegu.”

Bibi akauliza, “Sasa linaachaje ukoo?”

“Hubebeshwa. Kijiti chake hufungwa kwenye shina la mlimau.”

Samahani bibi hakuniomba. Wazee wetu hawakuwaomba watoto. Lakini mwalimu aliposafiri tena, bibi alimwagiza kijiti, wakakifunga kwenye mlimau wake kando ya mfereji. Chungwa la kwanza kuiva alinipa lote, akakaa kunitazama nikila.

Basi nilifika. Maji ya mfereji bado yanapita. Mchungwa umekauka wote, na chini ya pale kijiti kilipofungwa mlimau umechipua upya, umezaa.

“Umechelewa, mzee wangu,” alisema jirani anayelima pale sasa. “Mwaka jana lilikuwapo tawi moja.” Akanichumia malimau mawili, nisirudi mikono mitupu.

Nilimshukuru Mungu, maana hata hayo ni mema. Ila nilichoka, uchovu usioisha kwa kulala. Nyumbani nikakata limau moja. Mbegu tele. Nikazitoa moja moja na kuzipanga kwenye kisosi, kama vile bibi angerudi jioni kuniuliza ziko wapi.