Walichukua kinyesi cha mwanangu kwa utafiti, majibu hakuna. Sasa mfadhili namtafuta mwenyewe

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Ngumbo, ukanda wa Ziwa Nyasa. Elimu yangu ni form four. Haya yamenitokea mimi, sikusimuliwa. Nikiandika kwa hasira mnivumilie, bado ninayo.

Siku ya kliniki alikuja kijana wa chuo kikuu. Akasema anasomea microbiome, yaani vijidudu wanaoishi tumboni mwa mtu, wazuri na wabaya. Akagawa vikopo, kila mama alete kinyesi cha mtoto. Akaahidi majibu tutaletewa.

Mwanangu Neema alikuwa anaharisha mara kwa mara tangu nimwachishe ziwa. Kile kikopo nilikipeleka kwa imani yote.

Miezi ikapita, kimya. Nikampigia. Akasema ufadhili ulitosha kukusanya tu, sampuli ziko kwenye friza chuoni zinasubiri hela ya kupima.

Mwanangu anakonda, kinyesi chake kinatunzwa kwenye baridi!

Nikambeba mtoto mpaka Mbinga mjini. Hospitali walimpima choo siku ileile, wakakuta amiba, akapewa dawa. Leo anakimbiza kuku. Kipimo cha kawaida kabisa, na mimi nilikaa nangoja chuo kikuu.

Basi kijana akarudi. Kuna mfadhili ametangaza fursa kwa vyuo vinavyotafiti microbiome, ila anataka kuona wanakijiji wameridhia. Kwa hiyo anaomba aturekodi video tukisema tunaunga mkono. Mwenyekiti wa kijiji alishatuita mkutanoni na kutuambia tuvae vizuri.

Nikasimama. "Kaka, mwanangu aliugua nini?"

Akaangalia chini. Akasema ukweli utafiti wao hautoi jibu la mtoto mmoja, unaangalia kundi zima.

"Sasa ulituahidi majibu gani?"

Mwenyekiti akanikumbusha heshima kwa mgeni. Nikamwambia shikamoo mzee, heshima ninayo, ila video sirekodiwi.

Kijana akajitetea kwamba hata hivyo sampuli nyingi alizopokea zilikuwa za choo kizuri, hakuona dalili kwamba watoto wa huku wanaharisha sana.

Hapo jirani yangu mama Isaya akaangua kicheko. "We mwanangu, mgeni anapelekewa choo cha kuharisha? Tulisubiri wapone ndiyo tukakuletea."

Akina mama wote wakacheka. Kijana hakucheka. Nadhani ndipo alipoelewa amejaza friza nzima choo cha siku za afya.

Hasira yangu haikupoa, ila nikaona pa kumbana. Yeye anataka sampuli za watoto wakiwa wagonjwa. Sisi tunataka mtoto mgonjwa atibiwe. Nikamwambia aandike kwenye proposal yake ya kuomba hela kwamba siku anayochukua choo, siku hiyohiyo mtoto apimwe kipimo cha kawaida na kutibiwa, mradi ulipe.

Akasema hela ya kushirikisha jamii imepangwa kwa fulana na soda. Mama Isaya akamjibu nguo tunazo.

Akakaa kwenye benchi na laptop yake, akabadilisha tukimwangalia. Ndipo tukarekodiwa.

Mfadhili amekataa. Kijana kanipigia kanyong'onyea, anasema labda turudishe bajeti ya mwanzo, ni nafuu. Nimemwambia akithubutu, vikopo atajijazia mwenyewe. Atafute mfadhili mwingine, na mimi natafuta.

Nilichojifunza: kabla hujatoa kitu cha mwanao kwa mtafiti, muulize hela yake inaishia wapi. Kukusanya? Kupima? Kutibu? Usione aibu, yeye hakuona aibu kukuomba kinyesi.

Mliopo vyuoni, au mliowahi kupata ufadhili wa tafiti za namna hii, wekeni hapa wafadhili wanaokubali matibabu yawe ndani ya bajeti. Matapeli wa "tuma ya usajili kwanza" piteni kushoto. Wa kunitukana pia ruksa, ila mniachie link.

Nikichelewa kujibu, nipo njiani. Isaya ameanza tena kuharisha, kesho tunampandisha Mbinga.