Matege Yangu na Kanga za Bibi

Kwetu Magomeni, hapa Kilosa, ushahidi kwamba mtoto mchanga lazima afungwe kanga mpaka akae kama mchi ni mimi. Nina matege. Siyo ya kusingizia. Nikisimama mstarini shuleni, wenzangu wanasema mbuzi anapita katikati bila kuomba njia, na mimi huwa nawauliza kama huyo mbuzi ni mjomba wao. Basi dada yangu alipojifungua mwaka huu, bibi akaja kutoka Chanzuru na kanga zake zilizofuliwa mpaka zikalainika. Alipomaliza kuitikia shikamoo zetu, jambo la kwanza alilofanya ni kunisimamisha mlangoni.

"Mke mwenzangu, geuka," akasema. Nikageuka. Akamwambia dada, "Huyu hakufungwa. Mama yenu alijifanya mjuaji. Haya, muone."

Nikainama kama msanii anayeshukuru mashabiki. Nilitegemea dada acheke. Hakucheka.

Dada hajacheka tangu mwaka jana. Anaishi Mikumi na mume wake, mlinzi wa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, na huko ndiko alikozaa mtoto wake wa kwanza. Bibi alikwenda kumuuguza uzazi, kama ilivyo desturi yetu. Mtoto yule hakumaliza hata arobaini. Alilazwa mchana akiwa mzima, akakutwa hapumui. Akazikwa kabla jua halijazama, watu wakasema ni malaika, wakala ubwabwa, wakapanda magari yao. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwetu kifo cha mtoto mchanga hakiulizwi. Ukiuliza unaonekana unagombana na Mungu. Safari hii dada akaja kuzalia kwetu, na bibi akamfuata.

Nesi wa kliniki alikuwa amemfundisha dada vingine, na mimi nilisikia kwa sababu ndimi niliyembebea beseni. Ukimzungushia mtoto nguo usikaze, mkono wako upite kati ya nguo na kifua chake. Miguu iachwe ijikunje na kupanuka kama ya chura, nyonga zisiharibike. Alazwe chali, uso wazi, na kwa joto la Kilosa nguo moja nyepesi inatosha. Siku akianza kujaribu kugeuka, habari za kumfunga ziishe. Nikamuuliza nesi kuhusu matege yangu. Akayatazama kwa huruma, akasema hayo hayakuletwa na kukosa kanga. Nikamwomba asimwambie bibi, atakosa kitu cha kufundishia.

Nyumbani ikaanza vita ya kimyakimya. Bibi anamnyoosha mtoto miguu, anazungusha kanga, anakaza, anamfunika na uso kwa ajili ya nzi na macho ya watu. Dada anasubiri bibi atoke uani, anafungua. Bibi akirudi anafunga upya. Wote wawili wanaongea habari za mboga. Siku moja nikasema mtoto wetu amekuwa kifurushi cha kutumwa Dumila kwa basi, bado kuandikwa jina la mpokeaji tu. Mama akanitazama, nikanyamaza mwenyewe. Nilikuwa nimekumbuka yule wa Mikumi alivyotolewa ndani, naye kazungushiwa nguo, mdogo hivyohivyo.

Halafu ikaja ile adhuhuri ya jua kali, mabati yanalia. Dada alikwenda kuoga, akaniambia nimwangalie mtoto. Bibi alikuwa ametoka kumfunga, amekaa mkekani anachambua mchele. Nikaondoa kanga usoni. Shingo imelowa jasho, anahema mbiombio. Nikajaribu kupitisha mkono kifuani, hata vidole havikuingia. Nikafungua. Mtoto akajikunja miguu, akaanza kulia, na kile kilio nilikipenda sana.

"Nani kakutuma?" bibi akauliza.

"Hakuna, bibi. Mkono haupiti."

"Mkono gani?"

Nikamweleza maneno ya nesi, sauti inapungua kadiri ninavyoendelea. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, wa mbuzi na matege. Nikaumeza. Bibi aliuacha mchele, akawa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Yule wa Mikumi nilimfunga mimi," akasema. "Nilimfunga vizuri."

Tulikuwa tunajua. Nyumba nzima tulikuwa tunajua, ila hakuna aliyewahi kusikia likisemwa. Nilipoinua macho, dada alikuwa mlangoni, maji yanamchuruzika. Nesi alikuwa amemwambia kwamba wakati mwingine mtoto anakufa usingizini na hata daktari hajui sababu. Nilingoja amwambie bibi hivyo. Ingemtosha bibi, nadhani. Dada akamchukua mtoto, akaketi kitandani, akamnyonyesha akiwa ametugeuzia mgongo.

Asubuhi yake bibi alitandika kanga moja, ile nyepesi kuliko zote. Akamlaza mtoto chali, akazungusha juu, miguu akaiacha. Akaniita.

"Mke mwenzangu, tia mkono."

Nikatia. "Unapita, bibi."

Akafungua yote, akafunga tena. "Tia."

"Unapita."

Mara nyingine nilitaka kumtania, nikajibu unapita kabla sijatia. Hakunigombeza. Alinitazama tu, akangoja, mpaka nikatia mkono kweli.

Sasa ndivyo tunavyofanya kila baada ya kumwogesha mtoto. Dada hafungui tena. Anatuangalia akiwa kitandani, na bibi akimaliza anachukua chai yake, anakwenda kuinywa uani peke yake.