Siku Mama Alipompangia Mgeni

Macho yangu yalipoharibika nilipelekwa chuo cha serikali cha watu wenye ulemavu, nikajifunza kutembea na fimbo nyeupe na kufuma masweta kwa mashine. Niliporudi kwetu Mazwi niliiweka mashine sebuleni dirishani, kapu la nyuzi kushoto, stuli mbele yake. Hapo sikuhitaji mtu.

Karakana ya halmashauri ilikuwa inatafuta mfumaji wa masweta ya shule. Afisa ustawi wa jamii, mwanamke mmoja wa makamo, akasema atakuja nyumbani anione nikifanya kazi peke yangu. Akiridhika, nafasi ni yangu. Asiporidhika, ningebaki mtu wa kuletewa uji kitandani, na lile bakuli la uji nililichukia kuliko upofu wenyewe.

Asubuhi ile, nikiwa naoga, mama yangu akapanga nyumba. Mgeni wa serikali hapokelewi kwenye vurugu. Hakuniambia, na aniambie kwa nini? Usafi ulikuwa wake, nami nilikuwa kimojawapo cha vitu vya kufutwa vumbi.

Nilisikia mama na afisa wakiamkiana, nikatoka chumbani bila fimbo, maana nani anatembea na fimbo nyumbani kwao? Nikajikwaa kwenye kiti ambacho hakijawahi kukaa pale, goti likapiga sakafu. Nikainuka, nikanyoosha mkono dirishani. Mashine haipo. Kapu halipo. Nikabaki napapasa hewa mbele ya mtu aliyekuja kuona kama naweza.

Nikasikia kalamu yake ikiandika. Jasho lilinitoka pamoja na baridi yote ile ya Ufipa.

"Mama," afisa akauliza taratibu, "huwa anahitaji msaada hivi kila siku?"

Hakuniuliza mimi. Mama angeitikia tu, kosa lake la kuhamisha vitu lingefichika na aibu ingebaki yangu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikamwomba Mungu mama asinionee huruma.

"Hapana," mama akasema. "Ni mimi nimehamisha vitu vyake. Nilikuwa nakupangia wewe mgeni."

Nikawaomba wakae, asinisaidie mtu. Nilifuata ukuta hadi nikaikuta mashine kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, nikaiburuta hadi dirishani. Kapu lilikuwa chini ya meza. Uzi ukakatika, nikauunga. Kisha mashine ikashika mwendo wake na sikusikiliza tena kalamu ya mtu. Nilipomkabidhi afisa mkono wa sweta aliuvuta huku na huku, akaniambia mimi, si mama, kwamba Jumatatu nifike karakana.

Alipoondoka nilidhani mama atapiga vigelegele. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, amebeba kile kiti.

"Mwanangu," akasema, "hiki nikiweke wapi?"

Tangu nipofuke, hakuna aliyewahi kuniuliza neno kuhusu nyumba ile. Nikamwonyesha kwa kidole, machozi yakinitoka.