Siku Darasa Lilipokwenda Barieri

Siku ile, kwenye barieri, kizuizi cha askari barabarani, ya kutokea mtaa wetu wa Saio kwenda sokoni, walikuwepo hawa. Mwalimu wa darasa la sita, ambaye sote tulimwita madamu. Watoto wa darasa lake, wale waliokuwa hawajakimbia Bunia. Mimi, muuza mandazi, na mdogo wangu wa kike mgongoni. Mama jirani yetu, muuza lenga-lenga, beseni la mboga likiwa kichwani. Mzee mlinzi wa kanisa, aliyekuwa anapita tu akasimamishwa. Kijana aliyeongoza barieri, ambaye watu walimwita afande. Kadogo wake, watoto wa bunduki, na kati yao wawili wa kwetu: mdogo wangu wa kiume, na mtoto wa yule mama wa lenga-lenga.

Majina siyaandiki, kwa sababu wengine wangali wanaishi hapa na vita vyetu viliua watu kwa majina yao. Ninachotaka ni ijulikane kwamba hawa walikuwepo, na kwamba waliona.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Baba aliuawa njiani akirudi kutoka shambani Djugu. Mama tulimkimbiza mpaka Bunia, akafa kwa ugonjwa wa tumbo katika nyumba ya watu. Aliniachia neno moja: "Batoto, usibatawanye." Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Sikurudi tena shuleni. Nilitafuta mbabula, jiko la makaa, na sufuria, nikaanza kukaanga mandazi, ili mdogo wangu wa kiume amalize darasa la sita na wa kike apate uji.

Shule yenyewe ilikuwa imechukuliwa na askari, na madawati yalikuwa yamegeuka kuni. Madamu alifundisha nyuma ya nyumba yake, chini ya shitingi, turubai la plastiki, iliyofungwa kwenye miti miwili. Ubao ulikuwa mlango wa zamani aliouegemeza ukutani, na chaki ilikuwa muhogo mkavu. Asubuhi moja mbuzi wa jirani alikuja akalamba vitenzi vyote vya Kifaransa vilivyoandikwa tangu jana.

"Madamu, mbuzi imekula leso, somo yote ya jana," mtoto mmoja akasema.

"Muache," madamu akajibu. "Kesho itatupigia Kifaransa muzuri kuliko weye."

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Mwanafunzi akikosa siku mbili, darasa zima lilikwenda kumfuata. Hakumtuma mtoto mmoja kuuliza. Alibeba ule mlango na kijana mmoja, wengine wakafuata, wakaingia uani kwa yule aliyekosa, mlango ukaegemezwa ukutani kwao, na somo likaanza hapo hapo. Kama mtoto alikuwa na malaria, alisikia hesabu akiwa kitandani. Kama alibaki kulinda wadogo zake, wadogo nao waliketi wakasoma. Hakumkemea mtu. Alikuwa akisema tu kwa mwenye nyumba, "Hodi, siye tunakuja, juu mutoto hakukuja."

Mimi nilikuwa nimeacha shule, wala sikuwa mwanafunzi wake. Hata hivyo siku moja walikuja mpaka kwenye mbabula yangu, wakafanya somo la sehemu kwa mandazi yangu. Nusu, robo, theluthi. Nilicheka mpaka mafuta yakaungua. Wateja nao walisimama wakajibu maswali.

Jambo lingine ni la maganda ya risasi. Kila asubuhi kila mtoto alitakiwa kuleta kitu kimoja alichookota njiani, akieleze mbele ya wenzake. Siku zile njia zetu zilikuwa na kitu kimoja tu kwa wingi. Mwalimu mwingine angeyatupa. Madamu alilishika ganda moja, akalipuliza mdomoni kama unavyopuliza kizibo cha kalamu, likalia. Akachukua kubwa zaidi, likalia kwa sauti nzito. Akawaambia wayapange kuanzia sauti nyembamba mpaka nzito. Baada ya wiki chache walikuwa na nyimbo. Mdogo wangu alishika ganda kubwa kuliko yote, na nyumbani alilipuliza mpaka nikamfukuza uani.

Halafu mdogo wangu akaondoka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwenye barieri kadogo walikula kila siku, maharage na mara nyingine nyama, na yeye alikuwa akiniona nikigawa mandazi yaliyobaki kwa watatu. Aliniambia jioni moja, "Yaya, dada yangu, niko nachoka kula jasho yako." Nilidhani ni maneno ya mtoto. Kesho yake hakurudi, na mama wa lenga-lenga akaja kuniambia amemwona amevaa buti, pamoja na mtoto wake ambaye alikuwa huko tangu mwezi mmoja.

Nilikwenda kwa madamu nikilia. Aliendelea kupepeta mchele wake, akauliza kitu kimoja, "Amekosa siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi njo leo tunaenda."

Sikuamini mpaka nilipowaona wanatoka na ule mlango. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikawafuata. Mama wa lenga-lenga alikuwa anaelekea sokoni, akatufuata naye. Watoto walipiga maganda yao njia nzima, wimbo wa kuhesabu uliokuwa mpya. Kadogo waliposikia walikoki bunduki. Walipotuona, wakazishusha, na mmoja akaanza kucheka.

Afande alitoka chini ya kibanda. Alikuwa kijana, labda miaka ishirini na kitu.

"Madamu, hii nayo iko jeshi ya nani?"

"Yangu."

"Jeshi yako inapiga filimbi. Yangu inapiga risasi."

"Nasikia, afande. Yako inajua kusoma?"

Kadogo wakacheka tena. Afande akawageukia. "Munacheka nini? Nani hapa anajua kusoma?" Hakuna aliyenyoosha mkono isipokuwa mdogo wangu, na alipoona yuko peke yake akaushusha.

"Ule njo mwanafunzi yangu," madamu akasema. "Amekosa siku mbili. Nimekuja kumufata."

"Hapa hakuna mwanafunzi. Hapa kuko basoda ya bunduki."

"Basi tutafanya somo hapa." Akaegemeza mlango kwenye gogo la barieri. Watoto wakaketi chini, barabarani, kama walivyozoea. Mzee mlinzi wa kanisa, ambaye alikuwa amesimamishwa kwa ajili ya kupekuliwa, akaketi naye. Mtoto mgongoni aliamka, nikamkaza kitenge.

Afande aliuzunguka ule mlango. Nadhani hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Mwishoni akasema, "Mukichukua mumoja, munaniletea nini? Siye hatutoe bure."

Madamu hakuwa na kitu. Sisi pia hatukuwa na kitu. Akasema, "Nitakuja mimi. Kila siku saa tisa nitakuja kufundisha hawa bengine. Kusoma, kuandika, na hii muziki."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nimesema mbele ya batoto."

Afande akamwashiria mdogo wangu kwa kidevu. Mdogo wangu akavua buti, akavuka gogo miguu mitupu. Hakuja kwangu. Alikwenda akaketi mahali pake katika mstari wa darasa.

Hapo ndipo mama wa lenga-lenga alipoweka beseni chini.

"Madamu, na wangu?"

Mtoto wake alikuwa amesimama pale pale, mkubwa kidogo kuliko wa kwetu. Hakuwa mwanafunzi wa madamu. Aliacha shule zamani, hata kabla ya vita.

"Amesema mumoja, mama," madamu akajibu polepole. "Nitakuja kesho. Wako nitamukuta hapa."

"Kesho."

"Kesho na kesho kutwa."

Mama akachukua beseni lake, akatangulia mbele yetu kwenda sokoni, bila kugeuka.

Madamu alikwenda. Jioni ile nilimwambia asiende, kwamba tungeweza kumficha mdogo wangu, kumpeleka kwa watu mbali na mji. Akanijibu kwamba batoto wamesikia. Kwake hilo lilitosha. Kila siku, hata zile siku milio ya risasi ilisikika upande wa mtaa wa Lumumba, saa tisa alipita mbele ya mbabula yangu na muhogo wake mkavu mfukoni. Kadogo waliweka bunduki juu ya mkeka pembeni, hilo lilikuwa sharti lake, wakaketi. Mdogo wangu, aliyesikia kwa wale wa barieri, aliniambia kwamba madamu alikuwa akimweka mtoto wa mama wa lenga-lenga mbele kabisa, na kwamba kila alipomaliza somo alimwomba afande amwachilie mtoto huyo naye. Afande alisema atafikiri.

Mara nyingine walimpa maharage. Alirudi nayo kichwani, mchana kweupe, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Watu wa Saio waliona maharage. Wakaanza kumwita madamu ya bakadogo. Nilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza mezani pa mboga sokoni.

Kisha kundi lile likahamishwa kwa usiku mmoja kuelekea Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, na mtoto wa mama wa lenga-lenga akaenda nalo. Madamu alifika saa tisa akakuta gogo tu. Alikaa hapo, watu wanasema, mpaka jua likakaribia kuzama. Yule mtoto wa mama hakurudi. Habari za kifo chake zililetwa na mchimba dhahabu mmoja baada ya muda mrefu.

Mji ulipobadilisha mikono, sisi tulikimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, watatu wote, chini ya shitingi moja. Wakubwa wapya walipita avenyu kwa avenyu wakiuliza nani aliyefanya kazi na wale waliotoka. Kuna aliyewaonyesha nyumba ya madamu. Alikuwa ameshatoka asubuhi ile ile, na kitenge kimoja na sufuria. Walichukua mabati, milango, hata mabaki ya shitingi. Baadaye tulisikia yuko upande wa Aru, anauza unga sokoni. Hafundishi.

Nakaa leo katika kamati ya wazazi wa shule ambako wajukuu wa kartie yetu ya Saio wanasoma, na walimu vijana huniuliza nini nilichoona kwa walimu wa zamani. Huwaambia mambo madogo. Kwamba mtoto akikosa, mwalimu aende, na wenzake waende, kwa sababu mtoto anaona aibu mbele ya mwalimu lakini mbele ya wenzake anakumbuka kwamba ana mahali pake. Kwamba chochote kilichopo njiani kinaweza kuwa somo, hata kile ambacho mngetamani kisiwepo. Huandika wanayosikia. Mmoja aliniuliza kama inafaa mwalimu aahidi kitu mbele ya watoto, nikageuza maneno, kwa sababu jibu la swali hilo mimi nalijua kwa sura ya mtu mmoja sokoni.

Mdogo wangu alimaliza sekondari. Ni muuguzi, watu humwita docta, ana watoto, ni mtu mtulivu. Wa kike naye ameolewa hapa hapa. Sikuwatawanya.

Kiwanja cha madamu kipo. Kuta zimebaki mpaka magotini na majani yameota ndani. Mwaka jana wakaazi wa avenyu yetu walikaa kuamua kama kipewe mtu mwingine, maana, walisema, mwenyewe alikuwa mtu wa bakadogo na hawezi kurudi. Nilisimama nikaeleza barieri, na mpango, na saa tisa. Mdogo wangu akasimama akaeleza zaidi yangu, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu utotoni. Watu walisikiliza vizuri. Halafu mwanaume mmoja nyuma akasema, bila ubaya hata, "Lakini weye ulikuwa kule, docta. Kadogo anatetea mwalimu wa bakadogo." Wakacheka kidogo. Mdogo wangu akaketi.

Uamuzi ukaahirishwa mpaka apatikane shahidi mwingine. Nimewahesabu kichwani. Mzee mlinzi alikufa. Watoto wa darasa wako Kampala, Kisangani, wengine ardhini, na hata wakija watasema walikuwa watoto. Afande hajulikani alipo. Amebaki mtu mzima mmoja aliyekuwa pale na ambaye Saio nzima itamwamini.

Bado anauza lenga-lenga, meza ile ile. Namwita mama, ananiita binti yangu. Nikifika ananiongezea fungu dogo juu ya nililonunua, ananiuliza docta hajambo, nami namwona akilitamka neno hilo kwa uangalifu. Sijawahi kumuuliza ni nani aliyewaonyesha nyumba. Siulizi. Wiki iliyopita nilikaa kwake mpaka wateja walipopungua.

"Binti yangu, leo hautoke?" akasema. "Uko na neno?"

Nilikuwa nalo. Lakini ili madamu arudi nyumbani kwake, lazima mama huyu asimame mbele ya avenyu aseme kwamba alikuwepo siku walipomtoa wa kwetu na kumwacha wa kwake, na kwamba madamu alifanya vema. Ndilo ninalotakiwa kumwomba. Nikamwambia jua ni kali. Akakubali kwamba ni kali, akanyunyizia mboga zake maji.

Mkutano wa avenyu utakaa tena baada ya mvua. Madamu yuko Aru. Mimi bado sijamlipa.